Mrithi wa Santa na Ndevu za Gundi

Krismasi iliyopita nilipokea posa ya binti yangu.

Sijaoa. Sina mtoto. Hata paka sina.

Na huyo binti ndiye msichana niliyekuwa nataka kumuoa mimi.

Kaeni vizuri wadau, maana aibu hii imenikaa kooni na leo naitema yote.

Naitwa Lusekelo, mtoto wa Uyole, Mbeya. Mchana ni dalali wa viazi sokoni, jioni ni mchekeshaji wa mtandaoni. Kama umewahi kuona video ya jamaa anapigana na gunia la viazi na gunia linashinda, yule ni mimi.

Anayenirekodi na kuniongoza anaitwa Blessing. Dada mfupi, sauti kubwa, huruma hana. Ukianguka ukateguka mguu atakwambia urudie, kamera ilikuwa haijakaa sawa.

Mwaka jana Blessing akaja na wazo la filamu ya Krismasi. Santa amezeeka, goti linamuuma, anatafuta mrithi. Wanakuja watu wa kila aina kujaribiwa, wote wanaharibu. Mwisho anashinda mjinga kuliko wote.

"Huyo mjinga anaigiza nani?" nikauliza.

Akanitazama tu.

"Na Santa?"

"Yupo Iringa. Kuna kijiji njia ya Tosamaganga, kuna mzee anaitwa Liberatus. Kila Krismasi baada ya misa anavaa nguo nyekundu, anagawia watoto wa kigango maandazi na pipi. Ndevu ni zake mwenyewe, Luse. Nyeupe pee! Hatununui pamba."

Tukapanda basi, wiki moja kabla ya sikukuu. Tumefika mvua inanyesha, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mzee Liberatus katupokea mlangoni, mrefu, mwembamba, anachechemea.

"Kamwene," akatusalimu Kihehe, kisha akahamia Kiswahili. "Nasikia mnamtafutia Santa mrithi."

"Ndiyo, mzee."

"Hata mimi namtafuta. Goti limeshakataa. Vijana wa hapa nimewaomba, wote wanasema watachekwa wakivaa nguo nyekundu."

Sisi tukacheka. Mzee hakucheka.

Basi tumekaa, mara akaingia Yusta na chai.

Jamani.

Yusta ni mtoto wa mwisho wa mzee. Anafanya biashara ya mchele, anaufuata mwenyewe Usangu na kuuza Iringa mjini. Dada mtulivu, anaongea taratibu, macho yake anakutazama moja kwa moja kama anayepima debe kuona limejaa au umemuibia.

"Kaka, sukari kiasi gani?"

Nikasahau hata mimi hunywa chai na sukari kiasi gani. Nikajibu, "Yoyote uipendayo wewe."

Blessing akanikanyaga chini ya meza.

Jioni ile ile nikaanza kazi. Nikamfuata kisimani, nikamnyang'anya ndoo, nikampa maneno. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, bila kununa, bila kucheka:

"Kaka Luse, mimi nina mchumba. Anaitwa Seni, yuko Usangu. Watu wa kwao wanakuja nyumbani siku inayofuata Krismasi. Kwa hiyo asante, lakini hapana."

Nikamwambia Usangu ni mbali, mimi nipo hapa.

Kesho yake nikamkuta anapepeta mchele. Nikamtungia wimbo. Akaweka ungo chini: "Kaka, si nimeshakuambia?" Nikamjibu kwamba hata mwenye haraka hupikiwa chai kwanza. Sijui nilikuwa na maana gani. Wakati ule niliona nimesema kitu kikubwa.

Siku nyingine tena nilimvizia njiani anatoka kanisani kufanya usafi. Aliponiona akageuza njia, akapita katikati ya shamba la mahindi, kwenye tope, viatu mkononi.

Nikaenda kumhadithia Blessing. "Ameanza kuona haya. Dalili nzuri."

"Luse, mtu amepita kwenye tope ili asikutane na wewe."

"Wewe mapenzi huyajui."

Hivi ndivyo nilivyokuwa, wadau. Naandika hapa masikio yanawaka.

Tukaendelea na filamu. Siku ya jaribio la usafiri, maana Santa lazima ajue kuendesha, tuliazima mkokoteni na maksai wawili wa jirani. Blessing akawafunga matawi makavu kichwani yawe mapembe ya paa wanaomvuta Santa. Maksai wa watu, maisha yao yote wamevuta magunia ya mahindi kwa heshima, leo wamevishwa kuni.

Nikapanda. Nimevaa suruali nyekundu ya mzee, imeshonwa pana kama ya Santa, kiunoni inanipwaya, nimeifunga kwa kamba. Ndevu zangu za pamba zimebandikwa kwa gundi. Gundi gani? Blessing alisahau ile ya waigizaji Mbeya, akanunua ya fundi viatu.

"Akshen!"

Maksai mmoja akaliona tawi la mwenzake likimjia jichoni. Akatimka. Mwenzake naye akatimka. Mkokoteni ukashuka mlima, mimi juu yake nikipiga kelele jina la mama yangu, tukapita bustani ya kabichi ya kigango, tukapita uzio, nikarushwa nikatua kwenye shimo la samadi.

Nikiwa mle, nahema, akaja mbuzi. Akaninusa. Akaanza kula ndevu.

Akala upande wote wa kulia. Upande wa kushoto gundi ilikuwa imeshika barabara, alivuta na ngozi yangu ikamfuata, nikalia machozi ya kweli.

"Usisogee!" Blessing anapiga kelele juu ya shimo. "Inaonekana vizuri mno!"

Jioni tulijaribu kuzitoa hizo zilizobaki. Maji ya moto, mafuta ya taa, mafuta ya alizeti. Wapi. Nikabaki na nusu ndevu, nanuka samadi na mafuta ya taa. Yusta alipita na sufuria, akanitazama, akabana midomo asicheke. Mimi nikahesabu hilo ni tabasamu langu.

Ikabaki sehemu ya mwisho: Santa anamkabidhi mrithi kofia.

Mzee Liberatus akakohoa. "Binti Blessing, hiyo ya kofia haina uzito. Kwetu mrithi haachiwi kofia. Anaketishwa kigodani mbele ya wazee, anapewa jina. Mkitaka, niwaite wazee wangu tuifanye sawasawa."

Blessing alitaka kumbusu. Kwa bajeti yetu ya maandazi, wazee wa kweli, kigoda cha kweli, wapi utapata?

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi wazee wakaja. Makoti mazito, kofia, fimbo. Aliyeongoza ni Mzee Aroni, mdogo wake Mzee Liberatus. Wakatandika ngozi, wakaweka kigoda cheusi kilichong'aa kwa kukaliwa. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukaletwa, wa kwanza wa msimu. Wakinamama wakakaa pembeni. Yusta alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa.

Wakanikalisha.

Mzee Aroni akaongea Kihehe kwa muda mrefu, anataja majina ya watu waliokwishakufa. Kisha kwa Kiswahili, kwa ajili yangu:

"Huyu ndugu yetu bado yu hai, lakini ameona ni vema ampate wa kulibeba jina lake. Kuanzia leo wewe ni Liberatus. Anayemwita yeye kaka, atakuita kaka. Anayemwita yeye baba, atakuita baba. Na kazi yake ya watoto wa kigango ni yako. Umekubali?"

Mimi mchekeshaji bwana. Nikasimamisha kifua, nikaitazama kamera.

"Nimekubali! Na mbuzi wake, na shamba lake, na goti lake bovu!"

Blessing anatetemeka kwa kicheko nyuma ya kamera. Nikawaza, hawa wazee wanajua kuigiza, hakuna hata mmoja aliyetabasamu.

Mzee Aroni akapiga funda la ulanzi, akanipulizia kifuani. Ulikuwa wa baridi. Nikaruka juu kwa mshtuko, kamba ikakatika, suruali ikaenda chini.

Nikasubiri kicheko.

Hakikuja. Bibi mmoja alijifunika kanga usoni. Mzee mwingine aligeuka upande. Mzee Aroni akaniangalia kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Vaa suruali, mwanetu," akasema taratibu. "Keti. Hatujamaliza."

Wakamaliza. Blessing akapiga kelele "Kata!" na kupiga makofi peke yake.

Nikadhani watu watavua makoti waondoke. Hawakuondoka. Nyama ikaletwa, ugali ukaletwa. Yusta akaja na bakuli la kunawia, akapiga magoti mbele yangu.

"Karibu unawe, baba."

Nikacheka. "Yusta, filamu imeisha."

"Najua, baba."

Kuna namna alivyolisema. Halikuwa na utani ndani yake. Mkono wangu ukabaki hewani, maji yanadondoka.

Nilimfuata Mzee Liberatus nyuma ya jiko.

"Mzee, samahani. Ile si ilikuwa filamu?"

"Kamera ilikuwa yenu," akasema. "Kigoda ni cha baba yangu."

"Kwa hiyo Yusta..."

"Ni binti yako. Ukimtongoza tena wazee watakutoza ng'ombe, na mimi nitakusikitikia, maana una jina langu."

Nikakaa juu ya kuni.

"Mzee, umenitega."

"Mimi?" Akaketi naye, akanyoosha lile goti. "Mimi nilitaka kukufukuza kwa fimbo siku ile ulipomtungia wimbo. Yusta ndiye aliyenizuia. Akasema, baba, usiwaharibie filamu yao, wametoka mbali. Huyu kijana si mbaya, ila haambiliki. Mpe jina tu, ataacha. Nami nikaona napata mrithi hapo hapo."

"Yusta alisema hivyo?"

"Nikamuuliza, si umwambie mwenyewe humtaki? Akasema, nimemwambia mpaka nimechoka."

Wadau, nimeanguka shimoni, nimeliwa ndevu na mbuzi, nimebaki na chupi mbele ya wazee wa ukoo wa watu. Yote hayo niliyabeba. Lakini pale juu ya kuni niliona aibu nisiyoweza kuibeba.

Nilitaka kuondoka siku ile ile. Blessing akakataa, bado anahitaji kupiga picha za watoto. Na kusema kweli, kwa nusu ndevu zile nisingepanda basi.

Krismasi yenyewe nikavaa nyekundu, nikagawa maandazi na pipi nje ya kigango. Watoto walifurahi mno, walinivuta zile ndevu kwa zamu. Mzee Liberatus alikaa kwenye benchi ananitazama, mikono juu ya fimbo, uso unamng'aa kwa furaha. Nilishindwa kumchukia.

Siku ya pili yake wakaja watu wa Usangu.

Mimi nilijificha jikoni na wakinamama. Nikasema wakishaondoka nitatoka. Mzee Aroni akaja kunitoa.

"Baba wa binti hakai jikoni."

"Mzee, nimevaa hivi?" Suruali yangu nyingine ilikuwa kambani inanyeshewa. Nilikuwa na ile nyekundu.

"Ndiyo nguo ya jina lako. Twende."

Sebuleni wamejaa. Msemaji wa wageni ni mzee wa Kisukuma, Budeba, baba mdogo wa kijana. Kofia kubwa, tumbo la heshima. Pembeni yake Seni mwenyewe: kijana mrefu, shati jipya lina mikunjo ya kiwandani, jasho linamtiririka na Iringa ilikuwa na baridi. Macho hayainui.

Budeba akamtazama Mzee Aroni, akanitazama mimi, akatazama nusu ndevu.

"Huyu ndiye baba?"

"Ndiye. Liberatus mdogo."

Mzee wa watu akavua kofia. "Shikamoo, baba."

Mzee ambaye angeweza kunizaa mara mbili ananipa shikamoo! Nikaitikia kwa sauti ambayo sikuijua. Kwenye kona, kamera ya Blessing iliwaka taa nyekundu.

Budeba akaanza maneno yake. Ndama wao amepotea, nyayo wamezifuata kutoka Usangu, zimeingia kwenye zizi hili. Wanaomba wasifukuzwe. Ndama huyo wanampenda, na wao ni wafugaji, wanajua kutunza. Akasema vizuri, kila mtu anatikisa kichwa. Akamalizia:

"Wabeja sana kwa kutusikiliza. Sasa tunasubiri neno la baba."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Mzee Aroni akaninong'oneza. "Neno la kwanza ni la mrithi wa jina, ni lako. Ukikataa, wanaondoka leo, na hawarudi mpaka waitwe."

Sikuwa nimelijua hilo. Nikamtazama Mzee Liberatus. Alikuwa ameinama, anaitazama sakafu, anaisugua fimbo. Naye hakuwa amefikiria kwamba itafika hapa.

Nitawaambia ukweli. Shetani alinipitia. Nilimtazama yule Seni na jasho lake, nikawaza: neno moja tu. Mlinifanya kichekesho, sasa chekeni. Mdomo ukafunguka kabisa.

Ndipo nikamwona Yusta. Amesimama mlangoni na sinia la vikombe, na vikombe vinagongana. Ananitazama moja kwa moja kama siku ile ya chai, lakini safari hii hakuwa anapima kitu.

Alikuwa ananiogopa.

Mimi. Luse wa gunia la viazi. Sijawahi kuogopwa na mtu tangu nizaliwe, hata kuku wa kwetu hawanikimbii. Na huyu msichana niliyesema nampenda, amesimama pale anaomba Mungu nisiseme hapana.

Nikasema, "Naridhia."

Vigelegele! Wakinamama wakaingia wanacheza. Seni akajifuta uso kwa mikono miwili. Budeba akanishika mkono na kuutikisa mpaka bega likalia. Mimi nikaanza kulia, nalia kweli kamasi zinashuka kwenye upande wenye ndevu, na watu wakaona ni uchekeshaji wangu, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kicheko nilichokisubiri siku ya kigoda, kikaja pale.

Basi nikajiona shujaa.

Mnaujua ule moyo? Nimeshinda majaribu. Nimetoa nilichokipenda. Nikasema lazima Yusta anishukuru, hata kwa neno moja, nirudi nalo Uyole.

Nikamkuta uani anaosha vikombe.

"Yusta," nikaanza, sauti nimeishusha, "nataka ujue nimekutoa kwa moyo mweupe."

Akaacha kuosha. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Umenitoa wapi?"

"Yaani... nimekuachia..."

"Baba, mimi nilikuwa wako lini?"

Nikainama kuangalia vikombe. Akaendelea:

"Nilikwambia kisimani, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiswahili. Nikakwambia kwenye mchele. Nikapita kwenye tope na viatu mkononi. Hukusikia. Imebidi niitiwe wazee, kiletwe kigoda, ugeuzwe baba yangu, ndipo ukasikia. Na leo nimesimama mlangoni natetemeka, eti maisha yangu yako mdomoni kwako wewe. Halafu unataka nikushukuru."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kujitetea. Akachuchumaa, akaendelea na vikombe vyake.

Nikasema, "Nisamehe, Yusta."

Akasema, "Nimesikia." Basi. Hakuongeza.

Safari ya kurudi Mbeya sikuongea mpaka Uyole. Mama yangu aliponiona na nusu ndevu akaniuliza kulikoni, nikamwambia nimepewa jina la mzee mmoja wa Iringa. Akasema, "Mwe! Jina nililokupa mimi lina shida gani?" Nikalala siku mbili. Ndevu zilitoka zenyewe karibu na mwaka mpya, pamoja na ngozi.

Filamu tuliiweka, mliipenda wenyewe, maksai wamekuwa maarufu kuliko mimi. Ile sehemu ya posa hamjaiona. Blessing aliitaka sana, alisema ndiyo mwisho bora aliowahi kurekodi. Nilimpigia Yusta kumuuliza. Akasema hapana.

Nikaifuta usiku ule ule. Blessing hakunisemesha mwezi mzima.

Ndoa imefungwa baada ya Pasaka, mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka altareni pamoja na mzee, mmoja kila upande. Seni huwa ananipigia Jumapili, "Shikamoo baba mkwe," na hatanii. Desemba hii nakwenda tena Iringa kugawa maandazi. Safari hii gundi nanunua mwenyewe.

Funzo langu ni fupi, hasa kwa vijana wenzangu wenye maneno mengi: msichana akikwambia hapana, ameshamaliza kuongea. Usijitungie maana nyingine, na usidhani kumwacha aende zake ni zawadi uliyompa.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia kumuomba ruhusa, maana na yake yamo humu. Nilisikia mchele unapepetwa.

"Andika, baba," akasema. "Ila usijipambe."